Amevunja ungo, mwacheni aruke

"Dokta, si nilimkataza?" Mama hata hajaketi. Binti yake wa miaka 12 ndiyo kwanza ametolewa P.O.P (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika), alianguka akikwepa mpira wa rede, akavunjika mkono juu kidogo ya kiganja. (Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, ila nimechoka kubisha.) Kosa la binti kwa maelezo ya mama: ameshavunja ungo na bado anarukaruka.

Nilimwelewa. Lakini katazo hilo huja wakati mbaya kuliko wote.

Msichana hurefuka kwanza, madini ya mifupa yanafuata nyuma. Kwa miezi kadhaa mfupa ni mrefu lakini haujajaa sawasawa, ndiyo maana mikono ya umri huu huvunjika kirahisi. Kasi ya kujaa hufika kileleni kwenye miaka 12 na nusu hivi. Katika miaka 2 inayozunguka kilele hicho, msichana hujipatia karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani. Robo nzima!

Hapo ndipo kuruka kunapolipa. Mguu ukitua kwa kishindo, mfupa hupinda kidogo mno, jicho halioni. Seli zilizomo ndani huhisi, na mfupa huongezwa pale palipolemewa. Mwaka 1995 watafiti wa Finland walipima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, wakalinganisha mkono wa raketi na wa pili wa mtu yuleyule: damu moja, sahani moja. Kwa walioanza kabla ya kuvunja ungo au karibu na hapo, tofauti ya madini ya mifupa kati ya mikono ilikuwa mara 2 hadi 4 ya ile ya walioanza zaidi ya miaka 15 baadaye.

Raketi si lazima. Kamba, rede, netiboli vinatosha, na dakika 10 kila siku ni bora kuliko saa nzima ya Jumamosi, maana seli hizo huchoka kusikiliza upesi. Kuogelea kuna faida zake, ila maji hukubeba. Mdako ndiyo kabisa, unachezwa umekaa. Ninayemwogopea ni binti anayekimbia sana huku anakula kidogo hadi hedhi ikakatika. Huyo mifupa yake inapungua, mleteni hospitali.

"Na watu watasemaje?" mama akauliza.

Binti, aliyekuwa kimya muda wote, akadakia: "Naanza lini?"

"Kuruka, leo. Kamba wazungushe wenzako."