Kujichukia: chuki inayoanzia ndani na kuishia kwa dunia nzima

Kujichukia si kujuta. Anayejuta anajua alichokosea. Ataomba radhi, atalipa, yataisha. Anayejichukia hana pa kuombea radhi, kwa sababu hajihukumu kwa alichotenda. Anajihukumu kwa kuwapo.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Gilbert, na wenzake walitenganisha mwaka 2004 namna mbili za mtu kujilaumu. Ya kwanza humwambia, "Umezembea, jirekebishe." Inauma, lakini inamtakia afanikiwe. Ya pili haina haja ya kumrekebisha. Inataka aadhibiwe, hata atoweke. Hiyo ndiyo kujichukia, na familia nyingi huipita bila kuiona zikidhani mtoto wao ni mpole tu.

Chuki hii haitulii ndani. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliona kuwa kwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mawazo mabaya huja matatu pamoja: juu ya nafsi, juu ya dunia, na juu ya kesho. Mchukue dada anayeambiwa kazini, "Leo umependeza." Anashukuru, kisha anashinda akiumia kwamba amedhihakiwa. Ujumbe wake wa WhatsApp umesomwa, haujajibiwa. Kwake huo ni ushahidi. Ikifika jioni watu wote ni wanafiki na mji mzima haufai. Majirani wanasema ana roho mbaya. Kumbe anawapa wengine hukumu ile ile aliyoamka nayo juu yake mwenyewe.

Ndiyo maana kumwambia "jipende" hakumfikii, na kummwagia sifa kunaweza kumzidishia. Nadhani swali lenye faida zaidi ni hili: nani wa kwanza kukuambia kuwa hufai? Mara nyingi yupo: mzazi, mwalimu, mume. Maneno ya mtu mwingine yamerudiwa mpaka yakageuka mawazo yake. Tiba aliyoianzisha Gilbert humzoeza mtu, polepole, kujisemesha kwa upole ambao angempa rafiki aliyeumia. Ni kazi ya miezi, na mwanzoni upole huo humtisha.

Akianza kusema bora asingezaliwa, au ukaona anajikata, usimhubirie. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, kaa naye, ondoa dawa na sumu zilizo karibu, na umsindikize hospitali siku hiyo hiyo.