Je, wajua kwa nini AIPAC iliwaunga mkono wabunge waliokataa ushindi wa Biden?

Usiku wa kuamkia Januari 7, 2021, saa chache baada ya wafuasi wa Donald Trump kuvunja madirisha na kulivamia jengo la Bunge mjini Washington, wabunge na maseneta walirudi ukumbini kumalizia kuidhinisha matokeo ya urais. Warepublican 147 walipiga kura kuyakataa matokeo ya Arizona, ya Pennsylvania, au ya kote kuwili, ingawa mahakama zilikuwa zimekwisha kutupa kesi moja baada ya nyingine za madai ya wizi wa kura. Wangekuwa wengi wa kutosha, kura za mamilioni ya watu zingefutwa usiku ule.

Machi 2022, AIPAC, kundi mashuhuri kuliko yote la kuitetea Israel katika siasa za Marekani, lilitangaza wagombea ambao lingewachangia. Miongoni mwao walikuwamo 37 kati ya wale 147. Kampeni za mwaka huo zilipoisha, idadi yao ilikuwa imepita 100. Na hili ni kundi ambalo kwa miaka mingi limesema urafiki wa Marekani na Israel umesimama juu ya maadili ya kidemokrasia ambayo nchi hizi zinashirikiana. Iliwezekanaje?

Kwanza tujue kundi lenyewe ni la namna gani. AIPAC ilianza miaka ya 1950, mwasisi wake akiwa Isaiah Kenen. Fedha zake hutoka kwa raia wa Marekani, si kwa serikali ya Israel, ndiyo maana haikusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1938 inayowahusu mawakala wa nchi za nje. Kwa miongo mingi haikuwapa wagombea fedha kwa jina lake. Ilikutana na wabunge, ikawapa hoja na takwimu, na wanachama wakachanga kila mtu kivyake. Desemba 2021 ndipo ilipotangaza kuunda kamati mbili za uchaguzi. Ya kwanza huchangia wagombea moja kwa moja, ndani ya viwango vya sheria. Ya pili, United Democracy Project, ni Super PAC, yaani kamati inayoruhusiwa kutumia fedha bila ukomo mradi isipange mikakati pamoja na mgombea. Mlango huo ulifunguliwa na hukumu za mahakama za mwaka 2010, kubwa ikiwa ile ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Citizens United.

Jibu la swali letu limo katika kipimo cha AIPAC, ambacho ni kimoja tu: mgombea huyu anasimama wapi kuhusu Israel? Atapitisha msaada wa kijeshi, ambao kwa makubaliano ya mwaka 2016 ni dola bilioni 38 kwa miaka kumi, bila kuuwekea masharti? Akifaulu hapo amefaulu. Alichokifanya kuhusu kura za Wamarekani wenzake hakimo kwenye mtihani. Lawama zilipozidi, AIPAC iliwaeleza wanachama wake kwamba huu si wakati wa kuchaguachagua marafiki, ikakumbusha kuwa imewaunga mkono Wademocrat wengi pia, akiwamo mbunge Hakeem Jeffries wa New York. Hilo ni kweli. Lakini halijibu lawama. Richard Haass, mwanadiplomasia wa siku nyingi, aliuita uamuzi huo uliofilisika kimaadili na usioona mbali.

Tazama Pennsylvania mwaka huohuo. Mbunge Scott Perry, mmoja wa vinara wa kutaka kura za jimbo lake mwenyewe zikataliwe, alikuwa kwenye orodha ya kuungwa mkono. Katika jimbo hilohilo Summer Lee, mwanasiasa Mweusi kutoka eneo la Pittsburgh, alikuwa akigombea tiketi ya Democratic. United Democracy Project ilimwaga mamilioni ya dola kumpinga, na matangazo yake yalidai Lee si Mdemocrat wa kweli. Israel haikutajwa. Mpiga kura aliyekaa mbele ya televisheni asingejua fedha zile zinatafuta nini. Lee alishinda kwa kura zisizofika 1,000.

Andy Levin wa Michigan hakushinda. Huyu ni Myahudi, amewahi kuwa kiongozi wa sinagogi lake, na alikuwa ameandika muswada wa kusukuma suluhisho la mataifa mawili, la Israel na la Palestina. Matokeo ya 2020 aliyaidhinisha. Agosti 2022 alishindwa katika mchujo na mbunge mwenzake Haley Stevens, aliyesaidiwa na mamilioni ya kamati ile.

Neno mchujo ndilo la kushika hapa. Majimbo mengi ya uchaguzi Marekani ni ngome za chama kimoja, kwa hiyo anayepita mchujo amekwisha kupita, jambo ambalo wasomaji wa Kenya na Tanzania hawahitaji kufafanuliwa. Wanaojitokeza mchujoni ni wachache, na fedha nyingi zikiangukia kwa wapiga kura wachache zina nguvu kubwa. Tena sehemu ya fedha hizo hutoka kwa matajiri wa Republican, nazo zinaamua nani apeperushe bendera ya Democratic. Mwaka 2024 zaidi ya dola milioni 14 zilitumika dhidi ya Jamaal Bowman wa New York, aliyekuwa ameilaumu vikali Israel kwa vita vya Gaza. Matangazo mengi yaling'ang'ania kura yake dhidi ya muswada wa miundombinu wa Biden. Bowman huyohuyo, Septemba 2021, aliunga mkono dola bilioni 1 za Iron Dome, mitambo ya Israel ya kudungua makombora. Aliangushwa na George Latimer.

Niseme wazi: kuna wanaolichukua suala hili kama ushahidi wa ule uzushi wa kale kwamba Wayahudi wanaendesha dunia kwa siri. Ni uongo, na umeua watu. AIPAC inafanya mambo yake hadharani, kwa sheria zilezile zinazotumiwa na makundi ya bunduki, ya dawa na ya mafuta. Wayahudi wa Marekani wenyewe, kwa utafiti wa mwaka 2020 wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, takriban 7 kati ya 10 wanaegemea Democratic, chama ambacho ushindi wake ndio uliotaka kufutwa usiku ule. J Street, kundi la Wayahudi na marafiki wa Israel wanaotaka amani na Wapalestina, lililaani orodha ya 2022. Abraham Foxman, aliyetumia miongo kadhaa kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi na hakuwahi kuwa adui wa AIPAC, naye aliilaumu hadharani.