Kabla sijakuwekea gesi kwenye jicho, niambie unakaa wapi

Wagonjwa wangu wananishangaa nikiwauliza kwao wapi, wengine wanadhani natafuta kabila. Hapana jamani, natafuta mwinuko.

Mimi ni daktari wa retina, niko Dar. Retina ni ule utando mwembamba nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mbele yake kuna ute mzito kama ute wa yai umejaza sehemu kubwa ya jicho. Umri ukienda, ute unasinyaa na kujivuta, na wakati mwingine unaichana retina, maji yanapenya kwenye tundu na retina inaanza kubanduka kama rangi ya ukuta ulioingia unyevu. Unaona vinzi vinaelea, vimuli kama radi pembeni hata ukiwa gizani, halafu kivuli kinaingia kama pazia. Na haiumi kabisa, ndo maana watu wanajipa muda mpaka mwisho wa mwezi, wakati kama makula bado imeshika (siyo chakula, ni kile kituo cha katikati cha kusomea na kutambua sura) hiyo ni dharura ya leo au kesho.

Tukiingia theata tunatoboa vitundu vitatu visivyofika milimita 1, tunakata ule ute na kuutoa, tunapiga leza kuzunguka tundu halafu tunajaza gesi ikandamize retina mpaka kovu lishike. Kuna gesi ya kama wiki 2, kuna ya kama miezi 2, zote jicho linazimaliza lenyewe. Gesi inapanda juu siku zote, kwa hiyo tutakwambia kichwa ukae nacho vipi, wengine kifudifudi siku kadhaa, na wanatuchukia kwa hilo.

Sasa nije kwa mzee mmoja wa Njombe, alikuwa keshakata tiketi ya basi arudi siku 3 baada ya upasuaji. Nikamuuliza, mzee wangu, ushawahi kupanda mlima wa Kitonga na paketi ya krispi? Akacheka, akasema inavimba mpaka unaogopa itapasuka. Basi ndo hivyo hivyo, Njombe iko karibu mita 2,000 juu, hewa ya kule ni nyepesi, gesi ya hapa pwani ikifika kule inataka nafasi karibu robo zaidi, na jicho haliwezi kutanuka kama paketi, presha ya ndani ya jicho inapanda, damu inashindwa kuingia na unaweza kupofuka ukiwa humo humo kwenye siti. Ndege ni hivyo hivyo. Ndo maana tunafunga bangili mkononi ya kuonya kwamba una gesi jichoni, usiivue hata ukioga, maana ukipata ajali ukapelekwa theata nyingine, kuna gesi ya usingizi nayo inalivimbisha hilo povu.

Ambaye lazima apande milimani mapema tunamwekea mafuta ya silikoni, ila hayo hayaishi yenyewe, unarudi baada ya miezi kadhaa kuyatoa, yaani nauli mara mbili na theata mara mbili.

Mzee akaamua kubaki kwa mwanae Kimara, analalamika joto kila kliniki. Wiki ya kwanza alikuwa anaona ukungu mtupu, baadaye ukatokea mstari kama wa pima maji, juu yake kweupe, mstari ukawa unashuka, mwisho kikabaki kiputo kama shanga kinachezacheza chini (gesi iko juu, ila jicho linapokea picha kichwa chini, ndo maana unaiona chini). Juzi kapiga simu alfajiri, "Dokta, shanga haipo." Nikamwambia njoo nikuangalie kwanza, tiketi usikate.