Huruma pekee haikufanyi muuguzi

Waulize vijana wa kidato cha nne kwa nini wanataka uuguzi, wengi watakujibu, "Nawahurumia wagonjwa." Vizuri, ila wapo wanaodhani hilo linatosha, na kwamba sayansi ni ya wanaotaka udaktari. Sivyo. Tanzania, stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3, na mwombaji hutakiwa awe amefaulu kemia na baiolojia. Akihitimu, haruhusiwi kufanya kazi bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Hesabu nazo zipo kila zamu. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo: jumla 180. Sirapu ikiwa na miligramu 120 katika mililita 5, apewe mililita 7.5. Hapo huruma haikusaidii kitu.

Hata Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19 anayekumbukwa tu kwa taa aliyozungukia nayo wagonjwa usiku (anapunjwa, kwa maoni yangu), alikuwa mtakwimu hodari. Kwa michoro alionyesha kwamba katika Vita vya Crimea (1853–1856) maradhi yaliua askari wa Uingereza wengi kuliko majeraha.

Huruma ina nafasi yake: humwamsha muuguzi amgeuze mgonjwa asiyejiweza. Kwamba asipogeuzwa damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyogandamizwa, na vidonda huanza, hilo alilisoma darasani.