Umeuziwa vepu (sigara ya kielektroniki) feki? Usiirudishe dukani kabla ya kujiandaa

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la malalamiko huwa wamekwisha kufanya kosa moja. Walikwenda dukani na hasira zao, wakamkabidhi muuzaji kifaa pamoja na boksi, wakaambiwa wapite baada ya siku tatu. Siku ya tatu muuzaji anauliza, "Kifaa gani hicho?" Mteja anabaki na maneno matupu, maana ushahidi wote ulikuwa kwenye mfuko aliouacha kaunta.

Kabla ya safari hiyo kuna kazi ya kufanya nyumbani, na ya kwanza ni kuacha kukitumia. Sigara ya kielektroniki huendeshwa na betri ya lithiamu. Kifaa cha mtengenezaji makini kina saketi ya kukata umeme betri inapojaa au waya zinapogusana. Mtengeneza feki hubana matumizi hapohapo, kwa sababu mnunuzi haoni ndani. Betri ya aina hii ikiharibika, joto lake huzaa joto jingine hadi iwake au ilipuke, hata ikiwa imelala mezani. Ukiona imevimba, inatoa harufu ya kemikali au inapata joto bila kutumika, usiichaji wala usiifungue. Iweke mbali na kitanda na vitu vinavyoshika moto.

Kimiminika chake, kile kinachogeuzwa mvuke wa kuvutwa, nacho hakiaminiki: lebo inaweza kusema miligramu 20 za nikotini na ndani kukawa na kingine kabisa. Marekani ilikumbwa na mlipuko wa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na uvutaji wa vepu mwaka 2019, na hadi Februari 2020 zilikuwa zimeripotiwa kesi 2,807 za waliolazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye asetati ya vitamini E iliyochanganywa katika vimiminika vya bangi, vingi vikiwa vya mtaani. (Nisieleweke vibaya: hata vepu halisi si kitu cha afya, na nikotini yake hujenga uraibu uleule.)

Sasa, utajuaje kuwa ni feki? Watu hukimbilia msimbo wa kukwangua kwenye boksi, ule unaoingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kuhakiki bidhaa. Unasaidia, lakini una mitego miwili. Msimbo mmoja wa kweli unaweza kunakiliwa kwenye maelfu ya maboksi, hivyo ukiambiwa "umeshakaguliwa mara nyingi" na wewe ndiyo kwanza unaukwangua, shtuka. Na alama ya kuskani iliyochapwa kwenye boksi feki inaweza kukupeleka kwenye tovuti feki inayokupongeza kwa kununua bidhaa halisi! Andika mwenyewe anwani ya mtengenezaji. Makosa ya tahajia, rangi iliyofifia au kifaa kuwa chepesi kuliko kawaida ni dalili tu, kwa sababu hata kampuni halisi hubadilisha maboksi. Chenye nguvu kuliko vyote ni jibu la maandishi kutoka kwa mtengenezaji. Mtumie picha za pande zote sita za boksi, msimbopau, namba ya kifaa na tundu la chaji. Piga picha moja zaidi ikionyesha kifaa na risiti vikiwa pamoja. Kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe wa malipo.

Ukishafika dukani, tarajia kuambiwa, "Sisi mzigo tumeletewa na wakala, nenda kwa kampuni." Usikubali kuzungushwa. Katika sheria za mauzo za nchi nyingi, mkataba wako ni na aliyepokea pesa yako, na bidhaa inatakiwa ilingane na ilivyoelezwa. Kama muuzaji alijua au hakujua ni suala la kesi ya jinai, na halifuti deni lake kwako. Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" kwa kawaida halimkingi mtu aliyeuza kitu kisicho chenyewe. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa pesa yote. Kwingine muda hutofautiana, kwa hiyo usikae na lalamiko.

Muuzaji akisema "basi chukua nyingine", uliza imetoka katoni gani. Huenda ni ya mzigo uleule. Mimi ningedai pesa.

Dai hilo liwe la maandishi, fupi, bila matusi: "Tarehe fulani nilinunua kwenu kifaa hiki, namba yake hii, risiti hii hapa. Mtengenezaji amethibitisha kwamba si chake. Naomba mnirudishie pesa yote ndani ya siku 14, la sivyo nitapeleka suala hili kwa mamlaka ya kulinda walaji." Wakitaka wakichunguze, wasaini karatasi ya kukipokea yenye namba ya kifaa.

Uliyelipa kwa kadi una mlango mwingine: omba benki irejeshe malipo, ukitaja kwamba bidhaa ni bandia. Na kama duka ni la mtandaoni, usikimbilie kukituma kwa posta. Betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo muulize kwanza msafirishaji, na gharama mdai muuzaji.

Wakikukatalia, peleka nakala kwa mamlaka ya walaji au shirika la viwango. Angalia kwanza sheria ya ulipo: India ilipiga marufuku biashara hii mwaka 2019, na Singapore hata kumiliki ni kosa, hivyo huko lalamiko linaweza kukugeukia. Kumtangaza muuzaji mitandaoni kuwa ni tapeli, tena kwa jina, kabla mtengenezaji hajakujibu, kunaweza kukuletea kesi ya kuchafuliana jina.

Kifaa kihifadhi hadi shauri liishe. Likiisha na kikabaki mikononi mwako, kipeleke panapopokewa betri chakavu. Usikitupe kwenye pipa la taka: betri ikibanwa ndani ya gari la taka inaweza kuwasha moto.