Land Rover ya zamani haiozi? Inaoza jamani
Huku Mtwara bado watu wanaambiana eti Land Rover za zamani hazipigi kutu kwa vile bodi ni alumini. Bodi kweli ni alumini, tangu zianze kutengenezwa Uingereza 1948, ila chesesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma na inaozea kwa ndani usikoona, hasa gari ikilala Mikindani upepo wa chumvi unapiga usiku kucha. Lala chini na nyundo ndogo, gongagonga, pakilia ngangang' pazima, pakibonyea na unga mwekundu ukakumwagikia usoni hapo usipake puti ya kuzibia matundu wala rangi, kata uchomelee chuma kipya. Na alumini inapogusana na chuma, chumvi ikiingia, alumini yenyewe inageuka unga mweupe, so weka mpira katikati. Nazipenda sana hizi gari, inaniuma kuona tundu limefunikwa rangi.