Haki ya mgawanyo ni nini?

Katika madiko mengi, yaani pwani wanakoshushia samaki wavuvi, ya Unguja na Pemba, samaki wakishanadiwa hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu: la chombo, la nyavu, la mabaharia. Mwenye chombo hupata fungu lake hata kama siku hiyo hakutia mguu baharini. Je, ni haki? Haki ya mgawanyo ni tawi la falsafa linaloshughulika na swali la namna hii kwa jamii nzima: mali, nafasi na mizigo igawanywe kwa kanuni gani?

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alijibu kwamba walio sawa wapate sawa, na wengine kwa kadiri ya stahili. Ugomvi unabaki palepale: stahili ni jasho, mtaji au shida ya mtu?

Mwaka 1971, Mmarekani John Rawls alituomba tutunge kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua tutazaliwa nani. Huenda ukazaliwa tajiri wa mjini. Huenda ukazaliwa kwenye visiwa vidogo vya Kojani au Tumbatu, ambako mjamzito mwenye uchungu huvushwa bahari kufika hospitali kubwa. Hapo, alisema Rawls, tungetaka uhuru na nafasi sawa kwa wote, na tofauti ya kipato tungeiridhia pale tu inapomnufaisha aliye chini kabisa. Kwa kupanga vituo vya afya, maji na skuli, sijaona kipimo bora kuliko hiki.

Mwanafalsafa mwenzake wa Marekani, Robert Nozick, alimpinga mwaka 1974. Kwake, la kuuliza ni mali ilipatikanaje. Ikiwa ilichumwa kwa halali na kuhama kwa ridhaa, ni ya mwenyewe. Ikiwa kuna dhuluma ya nyuma, irekebishwe.

Kwetu Zanzibar hoja hiyo ni nzito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Anayeutetea ugawaji ule hukumbusha kwamba mikarafuu mingi ilipandwa kwa jasho la watumwa. Aliyepokonywa hujibu kuwa babu yake alinunua shamba kwa fedha zake. Wote wawili wanasimama kwenye swali la Nozick, na pazia la Rawls haliwasaidii, kwa sababu linaficha kile hasa wanachogombania: nani alimfanyia nini nani. Hapo panahitajika hati, mashahidi na wazee wanaokumbuka mipaka.